Baba alimwambia mtafiti kwamba mimi ni mpita njia

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana kuna watu wa kwetu wanaofuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, mtoto wa kwanza, bado naishi kwa wazazi wangu Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nilisomea mambo ya madini hadi chuo. Tangu nimalize sijawahi kupata kazi ya mshahara.

Baba ni mstaafu wa kampuni ya madini. Enzi zao mtoto wa mfanyakazi alisoma shule ya kampuni, akimaliza anaingia kazini alipoingia baba yake. Kwa baba mambo ni yale yale hadi leo. Mjomba wangu, fundi cherehani, alitaka kunifundisha kushona nilipomaliza chuo, baba akakataa kabisa. Alisema mwanawe hatakaa anapima watu viuno wakati kampuni inamngoja. Nami nikamsikiliza. Kampuni haijaniita. Siku hizi wanauliza uzoefu, ukiukosa wanauliza unamjua nani, na mimi namjua baba tu, ambaye wakubwa zake wote wameshazikwa. Mchumba wangu alinisubiri mpaka akachoka, na simlaumu. Nafasi kwa mjomba aliichukua binamu yangu, leo ana watoto wawili. Mimi hata mezani nasubiri wengine washibe kwanza.

Mwezi uliopita msichana wa chuo alipita nyumba kwa nyumba akifanya utafiti juu ya vijana wasio na kazi: kwa nini wanaikosa, na maisha yao yanakuwaje. Nilikuwa uani nafua. Nilifurahi jamani, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hayo kwa heshima. Nikakausha mikono, nikawa naenda walipokaa. Kabla sijafika, nikamsikia baba akimjibu:

"Hapa kwangu hakuna chômeur, hakuna muntu bila kazi, mama. Mutoto wangu iko Kolwezi, anatumika kazi ku mine. Ule unaona pale ni muntu wa Kasenga, anapita tu."

Yule msichana akaniangalia. Nikamsalimia kama mgeni anavyosalimia, nikarudi kwenye nguo zangu. Siwafichi, nililia nikiwa nimeinamia beseni.

Jioni mama ndiye aliyenieleza. Baba alishawaambia hivyo hivyo wakwe. Mdogo wangu wa kike anaolewa, na Jumamosi hii watu wa mume wanaleta mahari. Wanajua kaka yake ni mhandisi Kolwezi. Katika ukoo wetu kaka mkubwa ndiye anayemshika dada yake mkono na kumtoa chumbani mbele ya wageni. Baba amepanga binamu yangu ndiye amtoe, mimi nishinde kwa shangazi, kule Naviundu, hadi wageni waondoke. Aliniambia mwenyewe, bila ukali, akiangalia chini.

"Fanya vile juu ya dada yako. Bakijua, batasema niko muongo, batarudia na vitu yabo."

Ningependa anigombeze, ningepata la kumjibu. Dada naye aliposikia, alikuja kukaa kitandani pangu, akasema, "Yaya, kaka yangu, kama hauko, mi sitatoka mu chambre." Namjua, akisema amesema.

Simchukii baba. Alinisomesha kwa jasho lake, na nadhani ile aibu inamuuma kuliko mimi. Lakini nikijitokeza Jumamosi, ataumbuka mbele ya wakwe, na pengine ndoa ya dada yangu itaishia hapo hapo. Nikijificha, dada atajifungia chumbani siku yake yote akinisubiri, nami nitakuwa nimekubali kwamba katika nyumba ile hakuna mtoto anayeitwa mimi.

Nyinyi mnaosoma, mlio na kaka na mlio na watoto wa kiume nyumbani, nisaidieni mawazo, msinionee haya. Jumamosi asubuhi nioge nivae shati langu zuri, hilo najua. Nikishavaa, niende mlango upi: wa chumba cha dada yangu, au wa barabarani?