Siku Tatu Zisizo na Kipimo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya maji Morogoro saa moja kasorobo, nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa jirani yangu wa Mwembesongo. Mhandisi wa Maji wa Mkoa aliniangalia miguuni, akamwagiza mtunza stoo anipe mabuti na penseli mbili. Nikauliza mbona sipewi kalamu ya wino.

"Wino ukilowa unafutika, ndugu," alisema. "Na wewe utalowa."

Nililowa kweli. Baada ya miezi sita ya kujifunza nilipangiwa Matombo, nyumbani kwetu, kuwa msomaji wa mto. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: ndani ya mto husimikwa ubao wa chuma wenye alama za sentimita. Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi jioni unateremka, unasoma maji yamefika alama ipi, unaandika daftarini. Jumapili, Krismasi, ukiwa na homa, unateremka. Watu walinicheka kwamba serikali inanilipa kwa kutazama maji.

Lakini vijiji vyetu vya ujamaa vilikuwa vimeahidiwa maji ya mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe kwa bomba kutoka mlimani bila pampu wala dizeli. Mama zetu walikuwa wakipanda na madebe kichwani kwenye njia ambayo mbuzi mwenyewe huifikiria mara mbili. Ili bomba lichorwe, wahandisi walitaka vipimo vya miaka mitano mfululizo. Mimi nilikuwa katika mwaka wa tatu.

Ndipo ikaja fomu ya chuo kikuu. Enzi zile ulikwenda chuoni ukitokea kazini, kwa barua ya mkuu wako na ya tawi la chama. Kidato cha sita nilikuwa nimefaulu vizuri, na Mjomba Fidelis alikuwa ameshatangaza. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Mjomba alitangaza nje ya kanisa baada ya misa, mpaka wauza ndizi wakawa wananiita mwanachuo.

Nami kichwa kikavimba. Nilitoroka siku tatu kwenda Dar es Salaam kukiona chuo, nikatembea kwenye zile bustani zake kama vile nimeshapewa chumba. Niliporudi nikajaza zile siku tatu kwa kubuni: sitini na mbili, sitini na moja, sitini na moja. Kisha nikachukua fomu na daftari, nikaenda Morogoro kuomba sahihi.

Mhandisi alianza na daftari. Pembeni alikuwa na taarifa ya kipima mvua cha juu mlimani.

"Siku hizi tatu ilinyesha kubwa, Ndugu Perpetua. Hiyo mvua ilikwenda wapi?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa. Ukanikwama.

"Sikuwepo, mzee."

Alichukua penseli nyekundu, akazipiga mstari siku zangu tatu, akaandika: hakuna kipimo. Kisha, jambo lililoniumiza zaidi, akaivuta fomu akatia sahihi.

"Nenda. Kwa kichwa unastahili. Pengo la siku tatu tunalivumilia. Ukiondoka wewe, kumpata na kumfundisha mwingine ni mwaka mzima, kwa hiyo Matombo itaanza kuhesabu upya."

Nilisimama pale nikiwa na aibu na hasira, nyingi ikiwa ya kujikasirikia mwenyewe. Nikauliza kama hakuna njia ya kusoma bila kuondoka. Akasema ipo: shahada ya jiografia kwa posta, kutoka chuo cha ng'ambo, mtihani mara moja kwa mwaka Dar es Salaam. "Ila wengi huiacha njiani," akaongeza. "Na hakuna atakayekuita mwanachuo."

Nikaikunja fomu yenye sahihi, nikaitia mfukoni. Haikutoka tena.

"Shikamoo, mjomba," nilisema niliporudi Matombo.

"Marahaba. Unaondoka lini?"

"Siondoki. Nitasoma hapahapa, kwa posta."

"Kwa posta tunaletewa habari za misiba. Na shahada nayo inakuja hivyo?"

"Itakuja, mjomba."

"Mimi nimeshawaambia watu."

Hakusema nami tena mpaka masika yalipokwisha. Nilisoma alfajiri kabla ya kuteremka mtoni. Barabara ilipokatika, majibu yangu ya mazoezi yalikaa kwenye posta ya misheni wiki tatu yakingoja lori, nami nikaanza somo linalofuata bila kujua la kwanza nimelifaulu au la.

Mtihani wa kwanza ulipofika, sikuwa na mtu wa kunishikia zamu mtoni kwa wiki mbili. Asubuhi moja nikamkuta mjomba ukingoni, suruali kaikunja. Kusoma na kuandika alikuwa amejifunza mwaka uliopita tu, kwenye kisomo cha watu wazima.

"Nionyeshe huo ubao," alisema. "Tusije tukakosa vyote viwili, shahada na maji."

Niliporudi nikafunua daftari. Namba zake zilikuwa kubwa, kila moja imekandamizwa mpaka ukurasa wa pili. Siku ya tisa hapakuwa na namba. Palikuwa na maneno: *Leo sikufika mtoni. Goti.*

Nilikaa juu ya jiwe nikalia.

Miaka mitano ilitimia, bomba likaja. Shahada ilikuja mwaka wa saba, katika bahasha ya kaki, na mjomba akaitembeza kanisani mwenyewe. Baadaye nilihamishiwa Kilosa, kisha Ifakara, nikarudi Morogoro kuwa mkuu wa kitengo cha vipimo vya mito. Vyeo vilichelewa. Waliotoka chuoni waliniita Mama Posta, na sitasema haikuniuma. Hata leo nikipita karibu na kile chuo natamani ningelala humo japo muhula mmoja.

Vijana huniuliza wachague ipi. Siwachagulii. Nawaambia tu kwamba wiki yangu ya mwisho kazini niliomba daftari la Matombo kutoka masjala, nikapiga nakala ya ukurasa mmoja. Shahada yangu iko sandukuni, chini ya vitenge. Kilichotundikwa ukutani sebuleni ni ule ukurasa wa goti.