Siku Tisa Bila Mvua

Mwaka jana nilikwenda sokoni Chikongola, hapa Mtwara mjini, kununua kitenge, na katika duka moja redio ilikuwa inasoma utabiri wa hali ya hewa. Mikoa ya kusini, ikasema, itegemee mawingu kiasi na mvua nyepesi katika maeneo machache. Mwenye duka, huku akinipimia kitambaa, akasema hawa watu wa utabiri wanabahatisha tu. Nikatabasamu kama mteja anavyopaswa kutabasamu. Kisha nikatoka, nikakaa kwenye benchi lake la nje na kitenge changu mapajani, nikakaa hapo muda mrefu bila kuwaza chochote. Ndivyo siku ile inavyonijia, rafiki yangu. Haiji na machozi. Inakuja kama ganzi ya mguu uliokaliwa, nami nangoja ipite, nainuka, naenda zangu.

Nilikulia Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma. Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: bibi, mama mdogo na mimi. Mama yangu alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Bibi alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, akavuka kabla vita havijaanza kule, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake. Mto aliuita nto, na mtoto alimwita ntoto. Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, na ndiye aliyenilea. Alininyoa, alinisuka, alinichapa, na alipokaanga korosho kwenye kipande cha bati alinisukuma nyuma yake ili moshi usiniingie machoni. Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na siku wavuvi walipopita kutoka Ghuba ya Mnazi tulipata na samaki. Bibi alikula polepole, akitafuna kila tonge kana kwamba anahesabu.

Nilipofika darasa la tano tulipata mwalimu mpya, mwanamke mrefu kutoka Bukoba. Mume wake alikuwa karani bandarini Mtwara mjini, na Jumamosi alikuja kwa lori kumtazama mkewe, akiwa na mkate umefungwa kwenye gazeti. Mwalimu huyu alifundisha elimu ya hali ya hewa kuliko kitu kingine chochote. Siku ya kwanza alijaza bilauri maji mpaka juu, akaifunika kwa kipande cha karatasi ngumu, akaigeuza juu chini na kuiachia ile karatasi. Maji hayakumwagika. Akasema ni hewa inayosukuma karatasi kutoka chini, kwamba hewa ina uzito, na sisi sote tunaishi chini yake kama samaki wanavyoishi chini ya maji.

Kutoka hapo akatupeleka hatua kwa hatua. Jua linapasha ardhi moto, ardhi inapasha hewa, hewa ya moto inapanda, na nyingine ya baridi inakuja kushika nafasi yake. Huo mwendo ndio upepo. Maji ya mtoni na baharini yanageuka mvuke, mvuke unapanda, huko juu unapoa na kuwa matone madogo madogo, na hayo ndiyo mawingu. Aliloanisha kitambaa akakianika dirishani, na kilipokauka akatuuliza maji yamekwenda wapi. Alitufundisha kwamba hali ya hewa ni ya leo na kesho, lakini ipo pia ile ya miaka mingi, ambayo siku hizi mnaiita tabianchi. Sisi tuliambiwa ni desturi ya nchi. Hata mizinga ya ng'ambo aliigeuza kuwa somo. Ngurumo ya radi, alisema, hutanguliwa na mwanga, kwa sababu mwanga una mbio kuliko sauti. Basi tuliposikia mshindo tukatazama angani, na kama hapakuwa na wingu tulijua ni vita, tukaendelea kuandika.

Nyuma ya shule tulitengeneza kituo chetu. Mshale wa upepo ulitokana na bati na spoki ya baiskeli. Kipimajoto, kitu pekee kilichonunuliwa, kilikaa ndani ya sanduku jeupe lenye nafasi za kupitisha hewa. Kipimamvua kilikuwa kopo la samli lililofukiwa nusu, likiwa na faneli na chupa ndani yake, mahali pa wazi ambapo mti haungekinga mvua. Kila siku saa tatu asubuhi ilipaswa mtu mmoja apime na kuandika, na mwalimu akanichagua mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na maneno mengi. Daftari nilikwenda nalo nyumbani. Mwalimu alikuwa na msemo wake aliourudia mara nyingi: sisi hatutabiri, sisi tunaandika. Kipimo kinasema ya jana. Niliujua msemo huo kwa moyo, kama nilivyojua sura za Kurani, bila kuuwaza.

Mama mdogo hakuwahi kwenda shule. Mwaka huo elimu ya watu wazima ilikuwa imefika kijijini, na mwalimu wetu ndiye aliyewafundisha wanawake saa za alasiri. Mama mdogo alijifunza herufi chache na tarakimu. Alilipenda daftari langu. Kila siku niliporudi alinipokea kwa swali moja, hewa inasemaje leo, nami nilimjibu kwa sauti ya mwalimu. Bibi alikuwa akitutazama. Nilipenda kuulizwa na mtu mzima. Nakuambia hilo kwa sababu ni kweli, wala sina njia nyingine ya kulieleza.

Mpunga wetu ulikuwa kwenye kisiwa katikati ya mto, kisiwa cha mchanga na tope jeusi, na wanawake wengi wa kwetu walikuwa na majaruba yao huko. Maji yakipungua tulivuka kwa miguu, yakifika mapajani. Yakijaa, mzee mmoja alivusha watu kwa mtumbwi. Mpunga ukianza kutia maziwa ilibidi mtu akae kwenye dungu, jukwaa la miti, kutwa nzima kuamia ndege, la sivyo wangeumaliza kwa siku mbili. Machi ile mvua ilikatika katikati ya masika. Siku tisa haikunyesha. Mpunga ukatia maziwa, na ndege wakaja.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Zamu ya kwenda kisiwani ilikuwa ya mama mdogo. Asubuhi bibi alirudi mtoni na ndoo, akaiweka chini, akaitazama. Akasema maji yamebadilika, yana povu na majani yaliyooza, na harufu yake siyo. Akamwambia mama mdogo asubiri siku moja. Mama mdogo akasema ndege hawasubiri. Kisha akanigeukia mimi, kwa mzaha lakini si mzaha wote, akaniuliza hewa inasemaje.

Nikaleta daftari. Nikalifungua mbele ya bibi, nikaonyesha safu ya mvua. Sifuri tisa zilizofuatana.

"Mvua haipo," nikasema. "Mto utajaa kwa maji gani?"

Mama mdogo akapitisha kidole juu ya zile sifuri, moja baada ya nyingine. "Hizi najua kuzisoma," akasema, na alifurahi. Akajifunga kanga, akachukua muhogo wa kuchemsha na kopo la kugonga kufukuzia ndege, akatoka. Bibi akaimwaga ile ndoo chini ya mgomba. Mimi nikaenda shule. Saa tatu nilipima. Upepo ulikuwa mdogo, mbingu nyeupe bila wingu lolote la maana. Nikaandika sifuri ya kumi.

Niliporudi saa nane nyumba ilikuwa tupu na moto umezimika. Nikafuata sauti mpaka mtoni. Watu walikuwa wamesimama kwenye ukingo na jua linawawakia, na mbele yao palikuwa na maji tu, ya rangi ya udongo mwekundu, yanapita na magogo na mapaa ya nyumba za watu nisiowajua. Kisiwa sikukiona. Nilitazama juu, nakumbuka, kutafuta wingu.

Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa kisiwani asubuhi hiyo, ndiye aliyesimulia, na alisimulia mara nyingi, mpaka nikajua atapumua wapi. Maji hayakuja kwa kelele, alisema. Yalipanda kama mtu anayetembea. Yeye na mwenzake walikuwa upande wa karibu, yule mzee akawafikia kwa mtumbwi. Mama mdogo alikuwa upande wa mbali. Alipanda kwenye dungu, akawapungia mkono, wao wakadhani anawaambia watangulie. Mtumbwi haukuweza kubeba zaidi. Mzee aliwafikisha ukingoni akageuza papo hapo, na alipofika katikati dungu halikuwapo tena.

Walimpata siku ya tatu, mbali chini ya mto, kwenye mikoko karibu na pale mto unapoingia baharini. Alizikwa siku hiyo hiyo. Sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, wengine walisema ni mtoto, hajaelewa. Nilisaidia kuchota maji, nikaosha masufuria ya watu wa matanga. Kila asubuhi saa tatu nilikwenda shuleni, sikuingia darasani, nikapima mvua, nikarudi. Hakuna aliyenizuia.

Siku ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, nilimkuta bibi jikoni peke yake anapakua wali. Nikamwambia, "Bibi, mimi ndiye niliyemwambia aende."

Hakunitazama. "Najua," akasema. "Nilikuwapo." Akanisogezea sahani. "Kula."

Nikala. Wali ule ulikuwa wa mchele wa dukani, na niliumaliza wote.

Mwalimu alikuwa amekuja siku zote za msiba. Alikaa mkekani pamoja na wanawake, kajifunika kanga ya kuazima, hakujua dua lakini aliinamisha kichwa. Jioni hiyo alinifuata uani. Nilidhani anataka kuniomba ruhusa ya kitu. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba: "Somo la mito lilikuwa la Jumatatu iliyofuata."

Alishika bega langu, akaliachia, akaenda.

Nilipoingia darasani tena somo lenyewe lilikuwa limekwisha fundishwa. Nikaazima daftari la mwenzangu nikalinakili. Mto hukusanya maji ya nchi yote inayouzunguka, hata ya milima ya mbali. Mvua ya huko huweza kuleta mafuriko mahali ambapo haikunyesha. Nikapigia mstari kwa rula, na mwalimu akasahihisha, akaweka alama ya vema. Baadaye akaniuliza kama nataka kazi ya kupima apewe mwingine. Nikakataa. Niliifanya hadi nilipomaliza darasa la saba, na sikukosa hata siku moja. Watu walidhani ninaipenda.

Mwalimu alihamishwa. Kijiji kilipopangwa upya nyumba zetu za bondeni zilibomolewa, tukapewa viwanja juu. Bibi alifariki mwaka wa pili baada ya kuhama, usingizini. Mimi niliolewa mjini, nikapata watoto, na watoto wangu wamenipa wajukuu wa kuniita bibi. Nimeishi kwa utulivu. Ukiniuliza kama nilihuzunika sitajua nikujibu nini. Nadhani huzuni ilinipita nikiwa nimeshughulika na jambo jingine, na haikurudi kunitafuta.

Nilifika mtoni mara moja, miaka ya karibuni. Mto umehama, umekula ukingo wa upande wetu. Nilimwuliza kijana aliyekuwa anaosha pikipiki kisiwa kilikuwa wapi, akaniambia kwa heshima, "Bibi, hapa hapajawahi kuwa na kisiwa." Sikubishana naye. Yeye anasema alichokiona.

Ninalolifikiria zaidi si kisiwa. Bibi alikuwa na majina ya maji ya mto. Si jina moja, yalikuwa manne au matano, kwa Kimakonde cha ng'ambo: maji yaliyotulia, maji yanayotaka kupanda, maji yaliyotoka mbali. Ile asubuhi, alipokuwa anaitazama ndoo, alilitaja moja kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nimewauliza wazee wa Kimakonde hapa mjini, nikawaeleza povu, majani, harufu, nao wanatikisa vichwa; maji ni maji, wanasema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nakumbuka midomo yake ilivyofumbana mwishoni, lakini sauti haipo.