Mgomba Ulio Majini

Sisi tuliokulia Chonyonyo wakati redio ilikuwa moja kwa mtaa mzima, wengi wetu hatukuwa na kioo ndani ya nyumba. Aliyetaka kujua kama uso umetakata alimuuliza mwenzake, na mwenzake alimjibu bila huruma. Wa rika langu mtakumbuka. Tulikwenda shule pekupeku, umande wa mibuni ukitulowesha magoti, kiazi cha jana mfukoni, na jioni tulirudi wekundu kwa vumbi kama matofali. Tulicheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, na ukikupiga vizuri ulilala ubavu ukikuuma. Msimu wa senene tuliamka kabla ya jogoo, kila mmoja na mkebe wake, tukarudi vidole vikinuka majani na matumbo yakiwa tayari yanangoja kikaango. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikaa mlangoni akitafuna punje za kahawa, na ukipita mbele yake bila kusema shikamoo ulirudishwa hadi ulikotoka ukaanze safari upya.

Watoto wa siku hizi kioo wanacho mfukoni saa zote. Juzi nilimwona binti wa jirani akijipiga picha akiwa na ndoo kichwani, picha baada ya picha, shingo akiigeuza huku na huku. Nilipomsogelea nikaona ndoo yenyewe ilikuwa tupu. Nilicheka peke yangu njia nzima. Halafu nikakumbuka kisima chetu, kicheko kikaisha.

Kisima kilikuwa bondeni, chini ya kibanja chetu cha migomba, pale mafunjo yalipoanzia. Migomba ya mwisho ilisimama ukingoni kabisa na kivuli chake kilianguka majini. Mimi na dada yangu Koku tuliteka maji hapo asubuhi na jioni. Koku alinizidi miaka mitatu. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchota na kukimbia. Yeye aliweka ndoo chini, akachuchumaa, akatazama maji hadi mama aanze kuita kutoka juu. Mama alikuwa na usemi wake kwa ajili ya Koku peke yake: "Anayetazama sana maji, siku moja atatumbukia." Koku alibeba ndoo, akapanda mlima taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kingine zaidi ya maji.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mwaka huo hakuna msichana wa kwetu aliyechaguliwa, kwa hiyo hakuna aliyelia sana. Usharika wetu ulikuwa na chumba cha kufuma, kimebandikwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, na ndani vitanda vitatu vya mbao vya kufumia. Koku akapelekwa huko, nami nilipomaliza shule nikamfuata. Mwalimu wetu alikuwa Mama Eliza, mjane aliyetoka upande wa Bukoba, mkali kwa mkasi na mpole kwa watu. Alitufundisha kwamba nyuzi zinazovutwa kwenye kitanda kutoka mbele hadi nyuma ni mtande, na uzi unaopita kati yake kulia na kushoto ni mshindio. Tulifuma taulo za jikoni na vitambaa vya meza, vyote vya mistari iliyonyooka. Mimi niliipenda mistari iliyonyooka. Ukikosea unajua umekosea wapi.

Koku hakuipenda. Siku moja kisimani alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza.

"Usitazame mgomba," aliniambia. "Tazama mgomba ulio majini."

Nikatazama. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mgomba wa majini haukuwa mgomba uliopinduliwa tu. Upepo uliukata vipande vyembamba, vilivyolala, na kila kipande kilikuwa kimesogea kidogo kutoka kwa mwenzake. Koku akasema huo ni mshindio. Maji yanafuma, akasema, sisi tunateka tu na kuondoka. Akaokota magome makavu ya mgomba, meupe na ya kahawia, akayachana, akayapanga matopeni safu kwa safu ili nione. Nilikuwa na baridi na nilitaka kwenda kula, lakini niliona.

Baada ya hapo alianza kufuma kipande chake mwenyewe, saa ambazo Mama Eliza alikuwa kwenye ibada ya wanawake. Kilikuwa na upana wa viganja viwili. Kila baada ya mistari mitatu ya mshindio alisogeza rangi nyuzi mbili kulia, kisha moja kushoto, kisha tatu kulia. Ukikitazama kwa karibu ulidhani mfumaji alikuwa anasinzia. Ukirudi nyuma hatua nne, mgomba ulitikisika majini. Na kati ya nyuzi za pamba alipitisha nyuzi laini alizochuna ndani ya gome la mgomba, zile zinazong'aa, kwa hiyo jua la dirishani lilipozunguka, kitambaa nacho kilibadilika. Asubuhi kilikuwa kingine na jioni kingine. Alianzia juu, kwenye majani, akashuka hadi ukingo wa maji na vidole vichache chini yake. Sehemu ya kina kirefu hakuifikia.

Hakuifikia kwa sababu watu wa Kimuli walikuja. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, lakini kwetu sisi Kimuli ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Walikuwa familia nzuri, Walutheri kama sisi, wenye ng'ombe na kibanja kikubwa. Wazee walikaa ndani na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mchana kutwa, sisi wasichana tukimenya ndizi nje, na Koku akimenya pamoja nasi ndizi za posa yake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Mama alilia kidogo jikoni, akasingizia moshi.

Siku ya kuondoka aliniita nyuma ya nyumba akanipa kile kipande, kimeviringishwa ndani ya khanga.

"Nitunzie," alisema. "Nikipata nafasi nitakuja kukimalizia."

Nikasema nitakitunza. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliahidi kwa moyo wote.

Mwaka uliofuata kanisa jipya lilikamilika, la matofali, na wazee wa usharika wakaomba chumba cha kufuma kitoe kitambaa cha madhabahu. Mama Eliza akatuambia kila msichana alete wazo lake, naye atachagua. Nilikaa siku mbili nikichora misalaba na nyota, zote za mistari iliyonyooka, na zote zilikuwa zimekufa. Siku ya tatu nikafungua khanga.

Nilitaka kuhesabu nyuzi tu, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mkono wa Koku haukuhesabika kwa macho. Ili kujua rangi ilisogezwa wapi na kwa nyuzi ngapi, ilibidi nifumue. Nilifumua mstari mmoja, nikaandika. Nikafumua wa pili, nikaandika. Nilipofika mwisho, daftari langu lilikuwa limejaa namba, na mapajani mwangu mlikuwa na lundo la nyuzi zilizojikunja kama nywele. Kipande hakikuwepo tena. Nilizitupa nyuzi zile chooni ili mama asiulize.

Wazo langu likachaguliwa. Mama Eliza alilitazama karatasini kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia nimeliona majini, kisimani kwetu. Sikusema uongo. Nilikuwa nimeliona kweli. Sikutaja tu aliyenigeuza kichwa.

Tulifuma miezi mitatu, mimi nikiwaelekeza wakubwa zangu. Sehemu ya kina kirefu, ambayo Koku hakuifuma, niliibuni mwenyewe: nikarudia kijani kilekile cha majani ya juu. Siku ya kuwekwa wakfu kanisa, jua liliingia dirisha la mashariki likakigusa kitambaa, na watu waliokuwa mbele wakaguna kwa mshangao. Mzee mmoja alisema ni kama maji yameingia kanisani. Mchungaji alinisimamisha, akataja jina langu, wanawake wakapiga vigelegele. Tata aliinama akitazama viatu vyake ili watu wasione anavyofurahi.

Koku alikuwepo. Alikuwa ametoka Kimuli nyuma ya gari la kahawa, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Watu walipotoka alibaki, akasogea hadi madhabahuni, nami nikasimama kando yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kilio. Alikitazama kitambaa kutoka juu hadi chini, akarudi nyuma hatua nne, akakitazama tena.

"Huku chini umeweka kijani cha juu," alisema. "Majini kijani huwa kizito zaidi."

Kisha akamshusha mtoto mgongoni, akasema, "Nipokee, mikono imekufa ganzi," akaanza kunisimulia ubovu wa barabara. Hakuniuliza kile kipande kiko wapi. Hakuniuliza siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mambo yangu yalinyooka kuanzia hapo. Usharika ulinilipia chuo cha sanaa na ufundi, nikawa mwalimu, nikafundisha wasichana wa watu kutazama mwanga: jinsi unavyopita kwenye jani la mgomba na kuliacha na mishipa, jinsi bati lenye kutu linavyong'aa baada ya mvua, jinsi macho ya ng'ombe yanavyobeba mbuga nzima ndani yake. Wananisifu hadi leo. Kila nilipoingia darasani nikasema "msitazame kitu, tazameni kivuli chake majini," nilisikia sauti isiyo yangu.

Kimuli nilikwenda kila mwaka. Nilibeba sukari, sabuni, vitenge, zaidi ya kiasi, hadi shemeji yangu akawa anatania kwamba nimekuja kufungua duka. Mwaka mmoja nilimpelekea Koku furushi la nyuzi nzuri za pamba, kijani aina tano. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza za nini, maana kitanda cha kufumia hana na muda hana. Nilipokuja tena nilikuta nyuzi zile zimefungia miche ya nyanya kwenye vijiti, shamba zima, zimepauka kwa jua. Nyanya zilikuwa zimezaa vizuri. Alinifungashia kapu.

Kitambaa cha madhabahuni kilichakaa kama vyote vinavyochakaa. Panya walikipata kabatini, akina mama wakanunua kingine cha dukani, cheupe, kinachometameta hata gizani. Kisima chetu nacho kilijengewa zege na bomba. Maji ni safi sana sasa, na hakuna anayeyaona hadi yaingie ndooni.

Mwaka jana Koku aliugua tumbo, na madaktari wakasema tumrudishe nyumbani. Nilikwenda kukaa naye. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nilipopandia gari mjini Kayanga, nikiyarudia njiani midomo ikitikisika, hata abiria wa kando akadhani nasali. Siku ya tatu, asubuhi, tulikuwa wawili tu chumbani. Jua lilipenya kwenye tundu la bati, duara dogo likatua kwenye blanketi lake, naye alikuwa akilifuata kwa kidole.

"Dada," nikasema, "kile kitambaa cha kanisani."

Kidole kikasimama.

"Nipe maji," alisema.

Nikampa maji. Alikunywa kidogo, akanishika mkono, akalala. Sikupata ujasiri wa pili. Alifariki kabla ya Jumapili.

Siku ya kuanua matanga nilimwita Asimwe, binti yake mkubwa, tukakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Yeye ndiye yule mtoto aliyeshushwa mgongoni kanisani, sasa mama wa watoto wawili. Nikamweleza yote, hata habari ya kufumua, hata ya choo. Nilisema mama yake ndiye aliyeuona mgomba majini, si mimi. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Asimwe alinisikiliza hadi mwisho, akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake.

"Mama mdogo, hayo ni machungu tu," aliniambia kwa upole. "Mama alitusimulia mara nyingi. Alisema wewe ndiye mwenye kipaji, yeye alikuwa hawezi hata kunyoosha mstari."

Nikamwambia si kweli. Akaitikia "ndiyo, mama mdogo," vile mtu anavyomwitikia mgonjwa, akaenda kuniletea uji. Sina kipande cha kumwonyesha. Nilikifumua mwenyewe.

Nilibaki pale mkekani. Baadaye nikasikia kelele uani. Asimwe alikuwa amesimama mbele ya mdogo wake wa kiume, Deus, watu wote wakisikia, akimwambia kwamba katika shukrani zake pale makaburini alimtaja mke wake, akawataja majirani, akamsahau yeye aliyekuwa akimgeuza mama kitandani miezi minne. Nikaona aibu kwa niaba yake. Kwetu, mtu wa kudai sifa yake mbele ya watu angeitwa hana malezi. Tulilelewa kumeza. Tulisifiwa kwa kumeza, na mimi pia nimezisifu enzi hizo kila mahali nilipopewa nafasi ya kuzungumza.

Deus akasema, "Nilikosea. Nisamehe, dada." Akawageukia waliokuwepo, akalitaja jina la Asimwe na aliyoyafanya. Ikaisha. Akamsogezea beseni la ndizi, wakaanza kumenya, na kabla sufuria haijachemka walikuwa wanabishana kuhusu chumvi.

Nikainuka, nikajifunga khanga vizuri, nikaenda kuomba kisu nimenye pamoja nao.