Mgeni wa Harusi Haulizwi Kadi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Nyasubi, wenye flashi na wasio na flashi, kwamba ulinzi wa kompyuta katika mtaa huu sasa uko mikononi mwa Bwana Sostenes Jilala, mpiga video za harusi. Laleni usingizi.

Sostenes mwenyewe hakuutafuta ukuu. Kilichomchosha ni antivairasi yake. Kila alipofungua video, nayo ilitaka kuipekua kwanza. Na video ya harusi ni nzito kama gunia la mpunga, kwa hiyo kompyuta ikawa inaganda bibi harusi akiwa mdomo wazi mbele ya keki. Akagundua unaweza kuiandikia antivairasi faili za kuruka, na kwamba alama ya nyota husimama badala ya herufi zozote. Akaandika: Harusi, nyota mwishoni. Yaani chochote ambacho jina lake linaanza na Harusi, kipite.

Kwao kijijini ndivyo ilivyo. Ukisema umekuja harusini unanawishwa mikono, ukoo utaulizwa ukishashiba.

Sasa Mama Limi akaleta flashi yenye picha za marehemu mumewe, ziingie kwenye video ya harusi ya Limi. Wakwe kutoka Rwamgasa walikuwa wanakuja kesho kuitazama. Nakala nyingine hakuna. Simu iliyozipiga ilitumbukia chooni.

Ndani ya flashi mlikuwa na kirusi chenye tabia ya kulificha folda na kuvaa jina lake. Folda liliitwa Harusi ya Limi. Antivairasi ikasoma jina, ikapiga saluti. Sostenes akabofya. Patupu.

"Mwanangu," Mama Limi akauliza, "baba yake Limi yuko wapi?"

Sostenes akatoka mbio kumwita Zuhra, fundi simu wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtafuteni mume wangu."

Zuhra akafungua ile kanuni ya Harusi na nyota, akaangua kicheko. "We Sosi! Mgeni unamwamini kwa jina analojitajia?"

"Kwetu hatumuulizi."

"Basi huyu mtazame mkia."

Zuhra akaifuta kanuni ile. Akaandika nyingine: nyota kwanza, kisha nukta, kisha mp4. Sasa kinachoishia hivyo ni video, kinapita. Vingine vyote vinapekuliwa, hata vijiite harusi ya mfalme. Antivairasi ikaamka na kumkamata mzamiaji yule. Zuhra akaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, na Baba Limi akatokea, ameegemea baiskeli, kofia upande.

"Mwoneni!" Mama Limi akacheka huku anajifuta macho. "Ile kofia nilimkataza! Wabeja, wanangu, asanteni."

Zuhra akanyakua bisibisi, akamwekea Sostenes mdomoni kama kipaza sauti. "Mheshimiwa Mlinzi Mkuu, una neno kwa taifa?"

"Nanakili picha," akasema Sostenes. "Hebu nipishe."