Siku Nilipoikatiza Dua ya Shukrani

Mpaka leo nikipita karibu na msikiti wetu najifunika khanga mpaka puani, na watu wanadhani ni baridi (na kweli baridi ya mwezi wa sita huku Malindi, Malindi hii yetu ya milimani Lushoto siyo ile ya baharini, inatosha kumfunika mtu mpaka puani), lakini mimi najua ninachokificha ni sura. Nawasimulia kwa sababu najua mtakuja kuisikia tu, na huko mtakakoisikia wameshaitia chumvi, wengine wanasema nilizimia, wengine wanasema nilipandwa na majini, na mimi nimechoka kusahihisha mtu mmoja mmoja. Sikuzimia. Sikupandwa na kitu. Nilifungua mdomo tu, saa ambayo ilitakiwa niufunge.

Mnajua nilisoma fizikia, kemia na baiolojia, na mnajua nyumbani hakuna anayeniita Hadija tangu nilipokuwa kidato cha tatu, wote ni Dokta, Dokta njoo ule, Dokta kamfunge mbuzi. Kuingia udaktari unatakiwa ufaulu yote matatu, tena siyo kufaulu kwa kuvuta miguu. Sasa siku ya kemia, karatasi ya pili, maelekezo yalisema chagua swali moja katika kila sehemu. Mimi, kwa hofu au kwa kiherehere sijui, nikajibu mawili katika sehemu ya kwanza, nikayajibu vizuri sana, nikachora na michoro, na sehemu ya mwisho sikuigusa kabisa. Nilikuja kuiona wakati msimamizi anasema kalamu chini. Swali lenyewe nilikuwa nalijua! Hicho ndicho kilichonimaliza. Ningekuwa silijui ningelala usingizi wangu.

Mitihani ilipokwisha nikasafiri kutwa nzima kutoka shule na tranka langu na godoro, nikashuka stendi ya Lushoto miguu imevimba, na wa kwanza kukutana naye ni shangazi Mwajabu, dada mkubwa wa baba, anayeuza mboga pale sokoni. Shangazi Mwajabu ni mtu mwema, lakini habari ikiingia kwake asubuhi, mchana imeshashuka milima iko Soni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba Dokta wangu! Enhe, mtihani ulikuwaje?"

Hapo ndipo pa kusimama mnitazame. Ningeweza kusema ulikuwa mgumu. Ningeweza kusema tumuachie Mungu, jibu ambalo halijawahi kumletea mtu matatizo. Lakini nilikuwa na njaa, nilikuwa nimechoka, nilichotaka duniani ni kikombe cha chai na mtu asiniulize jambo la pili, nikasema, "Rahisi tu, shangazi." Maneno matatu, na moja ni shangazi.

Nilipokaribia nyumbani, shangazi alikuwa ameshampigia baba simu, naye ameshakuja barabarani kunipokea. Akalitwaa tranka akalitia kichwani yeye mwenyewe, mtu mzima yule, na njia nzima anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah. Tulipomaliza kula akanieleza kitu ambacho sikuwa nakijua: nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano aliweka nadhiri kwamba Mungu akinifikisha kwenye udaktari atachinja mbuzi, ataita watu, wasome dua ya shukrani.

"Baba, si tungoje kwanza matokeo?"

"Matokeo ya nini tena, na wewe mwenyewe umesema ulikuwa rahisi? Wewe ni mtoto wa kuongopa?" Akacheka. "Nadhiri hii nimetembea nayo miaka miwili, mama, nataka niitue."

Baba akiniita mama huwa sina nguvu ya kumpinga. Nikasema sawa baba, nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe nikaviosha mara mbili.

Wiki tatu zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikiwa nimekaa. Nikijaribu kupumzika, lile swali linakuja kukaa mbele yangu na majibu yake yote, mpaka na vizio vya vipimo. Kwenye kundi la darasa kwenye simu wenzangu walikuwa wanalinganisha majibu, nikajitoa, baada ya saa moja nikaomba kurudishwa, nikasoma, nikajitoa tena, na mara ya nne msimamizi wa kundi akaniandikia, "Hadija, ama ukae ama utoke, unatuchosha." (Alikuwa na haki, hata mimi nilikuwa najichosha.) Siku moja mama akanituma kupalilia karoti, nikapiga magoti nikapalilia kwa bidii zote, na nilipofika mwisho wa tuta ndipo nikagundua nimeng'oa karoti nimeacha magugu. Mama akatazama tuta, akanitazama mimi, akasema, "Umechoka, kapumzike." Angeniuliza siku ile ningemwambia. Hakuuliza, na mimi sikuanza.

Na majirani nao hawakunisaidia. Kila nikitoka, "Dokta, hujambo Dokta," na bibi mmoja wa mtaa wa juu akanisimamisha njiani akapandisha khanga akanionyesha goti lake, linamuuma tangu masika, nimwambie ni nini. Nikalitazama goti, nikasema, "Pole sana bibi," akaenda zake ameridhika, na jioni nikasikia kwamba yule mtoto ana mkono mzuri. Sikuwa hata nimeligusa!

Shangazi Mwajabu ndiye aliyesimamia shughuli, na kila siku iliyopita shughuli ilikua. Ilianza na majirani wa karibu. Mara wakaongezwa wa msikitini, mara ndugu wa Mgwashi, mara mwalimu wangu wa shule ya msingi, mara turubai. Nilipoiona turubai inateremshwa nyuma ya pikipiki nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka wakaja kunigongea. Nikajiambia nitamwambia baba kesho. Kesho yake akawa ananoa kisu. Nikajiambia basi, dua ni dua, watu watasoma, watakula, wataondoka, matokeo yakitoka ndio tutajua, hakuna aliyekufa.

Siku ikafika, Jumapili baada ya adhuhuri. Wanaume wamekaa nje kwenye majamvi, shehe mbele, baba pembeni yake amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka imenyooka. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na shangazi akanikalisha dirishani kabisa, pazia limevutwa pembeni, ili shehe akisema "binti yetu" ajue yuko wapi. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Pilau inanukia uwanja mzima.

Wakasoma vizuri, nikatulia kidogo. Shehe akainua mikono, watu wote wakainua mikono, akaomba kwa Kiarabu, kisha akaingia Kiswahili ili kila mtu afuate.

"Ewe Mola, tunakushukuru kwa binti yetu Hadija."

"Amin!"

"Umemtoa nyumbani salama na umemrudisha salama."

"Amin!"

(Mpaka hapo na mimi niliitikia, kwa sababu ilikuwa kweli.)

"Umemwepesishia mtihani wake, ukamfaulisha kwa alama za juu…"

Alama za juu! Alizitoa wapi? (Kwa shangazi.) Nikamtazama baba kupitia dirishani, amefumba macho, mikono ameinyoosha mbele kuliko watu wote, na nikaona midomo yake inarudia kila neno, na nikafikiria kwamba yule mzee anamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakipo, na ni mimi niliyemwambia kipo. Sikuamua kusema. Wallahi sikuamua. Lilitoka lenyewe, tena kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"HAPANA!"

Na kwa kuwa watu walikuwa wameshauzoea mwendo, nusu ya majamvi wakaitikia, "Amin!"

Vichwa vikageuka. Shehe akafumbua macho. "Nani huyo?"

Shangazi Mwajabu akawahi, kichwa nje ya dirisha, "Ni redio shehe, endelea tu, ni redio!" na huku mkono wake mmoja umenifinya paja.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza, redio ingelaumiwa, tungekula pilau. Lakini kitu kikishaanza kutoka kinatoka chote. "Siyo redio, shehe," nikasema, "ni mimi." Na nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja, dirishani pale, mbele ya wakulima wa karoti na kabichi waliokuja kula, kwamba sikufaulu, yaani sijui kama nimefaulu, kwamba kwenye kemia karatasi ya pili walisema uchague moja kila sehemu na mimi nikajibu mawili sehemu ya kwanza na ya mwisho sikuigusa, na swali lenyewe nilikuwa nalijua, na nikaanza kulijibu. Ndiyo. Niliwajibia swali. Nadhani nilifika nusu ndipo mama akanivuta kutoka dirishani.

Kitu ninachokiona mpaka leo ni kwamba muda wote huo baba hakuteremsha mikono. Watu wote walikuwa wameshateremsha, wanatazamana, mmoja anakohoa, na yeye mikono iko juu vilevile.

Shehe wetu ni mtu mwenye busara, Mungu ampe umri. Alimuuliza baba nadhiri ilikuwaje hasa, baba akamjibu kwa sauti ya chini. Shehe akasema, "Basi, jambo lenyewe halijatimia, kwa hiyo na nadhiri bado. Mbuzi huyu ni sadaka, na sadaka haina ubaya wowote, tutakula. Mwanetu akifikishwa kwenye udaktari, mzee utachinja mwingine." Watu wakasema amin kwa moyo wote, na sina hakika kama ilikuwa kwa ajili yangu au kwa ajili ya huyo mbuzi wa pili.

Dua ikageuka, badala ya shukrani ikawa maombi. Wakala. Na walipokuwa wanaondoka, mmoja baada ya mwingine wakapita mlangoni kunipa pole kwa mikono miwili, pole mwanangu, pole sana, Mungu atakupa wepesi, yaani mkono wa rambirambi kabisa, na mimi nimesimama macho yamevimba napokea. Bibi wa goti akanishika shavu akasema kwa Kishambaa kwamba hata hivyo goti limepata nafuu. Shangazi Mwajabu alipita bila kunitazama, akafika njiani, akarudi. "Ungeniambia tu ulikuwa mgumu," akasema. "Unadhani ningemwambia nani?" Nikamtazama. Akajifunga khanga upya, akaenda zake.

Na baba siku ile? Alikunja majamvi, akarudisha sufuria za watu, akaswali, akalala. Ningependa angefoka. Asubuhi nikachukua jembe nikaenda kwenye kabichi kule bondeni kabla hajaamka, na baada ya kitambo nikamwona anateremka, akashika mstari wa pili, tukalima mpaka jua likapita juu ya ukungu.

"Lile swali," akasema, bila kuinua kichwa. "Ulikuwa unalijua kweli?"

"Nilikuwa nalijua, baba."

"Lote?"

"Lote."

Akalima hatua mbili tatu. "Hiyo inauma," akasema. Kisha akasimama, akaegemea mpini, na nikaona jinsi alivyochoka, amechoka kuliko mimi. "Wiki tatu umekaa nalo peke yako humu humu ndani, na mimi niko hapa. Mungu alikuwa anajua. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Ungeniambia mimi kwanza, mama."

Nikaweka jembe chini. Nililia, lakini kilio cha siku ile kilikuwa kingine, kilitoka kikaisha, na nikahisi njaa kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule. Moyo bado huwa unakwenda mbio, sitawadanganya, hasa mtu akitaja mwezi wa saba, mwezi wa matokeo. Lakini ukianza namwambia baba, "Umeanza," naye ananiambia, "Haya, kaa," na tunakaa mpaka upite.

Matokeo bado hayajatoka. Yanaweza kuwa ya udaktari, yanaweza kuwa ya kurudia kemia mwakani nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, sijui, na kuliko vile nilivyokuwa nimechoka na kujifanya najua, afadhali huku kutojua. Ila nadhiri na mimi nimeweka yangu, na haina mbuzi: siku yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya, sitasimama stendi, sitakwenda dirishani. Nitamtafuta baba popote alipo, nimwambie yeye wa kwanza, kwa sauti ndogo.