Njuga za Barasa

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba haikuwa usiku, sikuwa nimelala, na kitu pekee nilichokuwa nimekunywa ni chai ya rangi. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye harusi, huku upande wa Ndanai. Mwisho wake waliuona watu hema nzima. Mwanzo niliuona peke yangu, na haki ya Mungu, sikuongezei hata neno.

Kakangu Barasa alikuwa anapiga gitaa peke yake, lakini ukimsikia kutoka mbali ungeapa ni bendi. Baba yetu alitoka Magharibi kuja kuchuma chai, tukazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na hapo ndipo Barasa alipookota sanduku la plaiwudi la kupakia majani ya chai. Akalitengenezea pedeli ya mbao, mguu wa kulia ukawa unapiga ngoma. Mguu wa kushoto aliufunga njuga za vifuniko vya soda kwa kamba ya ngozi. Hizo alizivaa miaka mingi mpaka kamba ikamwachia alama nyeusi kuzunguka kifundo. Mdundo wake ulikuwa wake tu: mara mbili kwa nguvu, halafu anaburuta kisigino. Wengi walijaribu kumwiga, wakashindwa na hicho kisigino.

Sasa, kwetu njuga za mguu hazichukuliwi hivi hivi. Mwenyewe akifa, mtu wa nyumba yake ndiye humfunga yule atakayezipiga, akimtaja marehemu kwa jina. Na kuzifungua, ni mtu wa nyumba hiyo hiyo. Josphat alijua. Si alikuwa rafiki wa Barasa, akimbebea sanduku harusi baada ya harusi? Lakini Barasa alipokufa kwa kichomi, sisi tukiwa bado tunapokea watu wa matanga, Josphat aliingia nyumbani kwa marehemu akabeba gitaa, sanduku na njuga. Akajifunga mwenyewe.

Nilishuka mpaka kwake, maana boma lake liko chini ya shamba letu. Nikamwambia, "Josphat, rudisha vitu vya marehemu."

Akanicheka, mahindi yamejaa mdomoni. "Maiti hachezi," akasema.

Ati maiti hachezi! Lakini hata hayo matusi ningeyameza. Kilichoniua ni mama. Mama amezeeka, anasahau. Kila akisikia zile njuga Josphat akifanya mazoezi, anainuka kitini: "Barasa amerudi, mpashie chakula." Inabidi nimwambie tena kwamba mwanawe amekufa, na analia kama ni habari mpya. Niambie ukweli, wewe ungesamehe?

Basi siku hiyo ya harusi mimi nilikuwa jikoni nyuma ya hema nikisukuma chapati, na Josphat yuko ndani anapiga njuga za ndugu yangu. Mvua ikaanza, ile ya huku ya mchana, na ukungu ukashuka. Nikatoka kuokoa kuni zilizokuwa kando ya shamba la chai.

Katikati ya michai kulikuwa na mtu. Amevaa koti la mvua la wachuma chai, kofia yake imemfunika uso. Nikadhani anajikinga mvua, nikamwita aje anywe chai. Akaja. Sasa niamini hapa: unajua vile michai inashikana, huwezi kuikata katikati bila kulowa mpaka kiunoni na kuchanika nguo. Huyu aliikata moja kwa moja, na hakuna tone lililoanguka kutoka kwenye jani.

Hakuwa na viatu. Nikaangalia chini, nikaona kifundo cha kushoto. Ile alama nyeusi.

Kuni zikaniponyoka.

"Dada," akasema, "mguu wangu una baridi."

Ningekimbia, lakini sauti ilikuwa yake, na hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikamwambia, "Njuga zako ziko kwa Josphat."

"Nizifuate?"

"Zifuate," nikasema. "Na usimwachie mguu."

Ukungu ukamfunika, na pale alipokuwa amesimama nyasi zilikuwa kavu.

Ndani ya hema wimbo uliisha. Gitaa likanyamaza, lakini mguu wa Josphat haukunyamaza. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakapiga vigelegele. Mchungaji akasimama kuomba, mguu ukaendelea. Mara mbili, halafu kisigino kinaburuta, kile kisigino ambacho Josphat hakuwahi kukiweza hata siku moja! Akaushika mguu kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, akapiga kelele, "Mnishikie! Sio mimi!" Bibi harusi akaanza kulia. Wanaume wakaleta kisu wakate kamba. Kisu kikakata ngozi ya mtu, kamba ikabaki.

Wamempeleka hospitali ya Longisa, hawakuona ugonjwa. Wamemwombea, wamemfungia. Mguu unacheza akila, unacheza amelala, umebaki mfupa. Mkewe amekuja kwangu akapiga magoti matopeni. "Mama, wewe ndiye mtu wa nyumba ya Barasa. Mfungue tu, tafadhali."

Nilimhurumia, sitakudanganya. Halafu nikamwambia, "Maiti hachezi," nikafunga mlango.

Kwa hivyo ukikuta chombo cha mtu aliyekufa, hata kama kimeachwa juani, uliza watu wake kwanza. Na ukiwakuta na uchungu kama wangu, kikimbie kabisa.

Unataka kujua kwa nini simfungui? Jioni njuga zikilia bondeni, mama anasema, "Barasa amefika," na siku hizi simbishii. Anapakua ugali na mboga, anafunika sahani, anaiweka mezani na kwenda kulala akitabasamu. Sisi ni wawili tu katika hiyo nyumba, na mimi sigusi ile sahani. Asubuhi nikiifunua, iko tupu.