Tulivyofagia Uwanja wa Behewa

Enzi zetu, sisi watoto wa genge la reli, nyumba ilikuwa na magurudumu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa genge, lile kundi la kutengeneza njia ya reli kati ya Tabora na Kigoma, na watu wa kazi ile walihamishwa kufuata ubovu wa reli: leo Usinge, baada ya miezi mitatu Nguruka, mvua ikibomoa tuta huko Uvinza, haya, twende Uvinza. Badala ya kujengewa nyumba kila mahali walipewa mabehewa. Behewa kuukuu la mizigo lilitobolewa madirisha, likagawanywa katikati kwa mbao, familia moja huku na nyingine kule. Likasukumwa kwenye njia ya pembeni, ile reli fupi ambako treni haipiti, likafungwa breki, na hapo ndipo kwetu. Mwalimu mpya akituuliza, "Kwenu wapi?" tulinyoosha kidole. Miezi michache baadaye pale tulipoonyesha palikuwa hapana kitu.

Nakumbuka harufu ya mafuta yaliyopakwa mataruma, zile mbao zinazobeba reli, hasa jua la saa sita likiyayeyusha, mpaka leo ninayo puani. Nakumbuka bati la paa likilia ko, ko, ko jioni linapopoa. Tulicheza mdako kwa kokoto za reli, na kokoto zile zina makali, kwa hiyo watoto wa genge tulijulikana kwa vidole vyenye makovu. Kombolela tulijificha chini ya behewa, ingawa tulikatazwa, na tulilaza masikio juu ya chuma kusikiliza kama treni ya abiria imekaribia. Mama akitukuta hapo hakuwa na maneno mengi. Tulikula matobolwa ya viazi vitamu, yaliyokauka mpaka yakawa kama mbao, ukitafuna moja unafika nalo shule, na migebuka, wale samaki wa Kigoma, iliyoletwa na wafanyakazi wa treni, imefungwa kwenye gazeti. Kila mtoto alikwenda shule na ufagio wa vijiti mkononi. Usipoufikisha, ulifagia eneo lako kwa mikono, na kiranja akasimama juu yako kama mkuu wa mkoa.

Lakini ninayotaka kusimulia ni habari ya ufagio wa Mama.

Behewa lilipokuwa likihamishwa, Mama alifunga masufuria kwa kamba na kuviringisha kioo cha taa ndani ya khanga yake. Tukifika, breki zikishafungwa, kabla hajagusa mzigo wowote, alishuka na ufagio. Alifagia mbele ya ngazi, akazunguka nyuma, akainama akafagia hata chini ya behewa, kati ya magurudumu. Alifagia vumbi la nchi ambayo tulikuwa hatujalala hata siku moja. Sisi tukilia njaa, alisema bila kuinua kichwa, "Njaa itangoja. Fagieni, watu wajue hapa pamefika watu."

Na kweli watu walijua. Pale Nguruka, tulikuwa hatujamaliza kushusha vitu, akapita mama mmoja na kuni kichwani. Alitazama uwanja, akatazama lile behewa bovu, kisha akaita, "Hodi jamani! Wenyewe mpo?" Baadaye akarudi na mlenda kwenye bakuli, na moto kwenye kigae. Kesho yake tulikuwa na majirani. Nilikuwa na miaka minane, na nikaamini kwamba ufagio ndio unaoita watu. Imani ya utotoni haikutoki. Inakaa mkononi, si kichwani, na mkono hauulizi ruhusa.

Sasa niko Toronto, mwaka wa kumi na nne huu, na nyumba yangu ina magurudumu tena.

Ni gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, la aina ile ambayo wazee wa hapa hununua wakistaafu ili wakatalii maziwani. Mimi sitalii. Ninahudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawavisha, nawapikia. Mshahara wangu unatosha chakula, simu na kumsaidia binti yangu Rehema anayesoma chuo. Hautoshi hayo yote pamoja na kodi ya chumba. Nyumba niliyopanga ilipouzwa, nilitafuta chumba kingine miezi miwili, nikachoka, nikanunua gari kuukuu kwa akiba yangu. Nikaliegesha kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, nyuma ya jengo la maduka ambalo kanisa letu limepanga ukumbi wake wa juu.

Nieleze taratibu kwa wasioyajua maisha haya, kwa sababu kuna wenzetu wanaoyaanza na wanaona aibu kuuliza. Wakati wa baridi usiyategemee mabomba; yanaganda na kupasuka. Yamwage mapema, utumie maji ya dumu. Usizibe kila tundu, hata kama baridi inakung'ata. Pumzi ya mtu ni maji: inashika kwenye kioo, inaganda, ikiyeyuka inaingia ukutani. Mwaka wa kwanza niliziba kila upenyo kwa matambara kama Mama alivyoziba behewa letu, na godoro likaota ukungu. Acha tundu la paa wazi kidogo, uvae soksi mbili. Kuoga, nenda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa. Na ukiwa umefikia hapo, usijione umepotea. Utaweza. Mimi nimeweza, na sina kipaji chochote.

Ila sheria moja inapita zote: gari lisionekane kwamba ndani yake mna mtu. Mapazia meusi, taka usiziache nje, ngazi ikunje kila unapoingia. Gari lionekane limelala tu, linamsubiri mwenyewe. Sheria hii nimewafundisha watu wawili watatu, nao wanaifuata vizuri kuliko mwalimu wao.

Aliyenisaidia kuishi pale ni Papa Byamungu, mlinzi wa yale maduka, mtu wa Uvira mwenye mvi na kicheko kikubwa. Alijua tangu siku ya kwanza. Meneja wa jengo alipomuuliza habari za lile gari, alimjibu kwamba ni la mtu wa kanisa, moteri, ndiyo injini, imekufa, linangojea fundi. Meneja akaridhika. Papa Byamungu alinisimulia huku akijipiga paja. "Mama Rehema, mimi nimeua moteri yako! Usiifufue mbele ya watu!" Nikamwahidi. Nilitoka kwenda kazini kwa basi, nikarudi kwa basi, na gari lilikaa pale mwezi wa kumi na wa kumi na moja bila mtu kulitazama mara mbili.

Rehema ndiye aliyeona kwanza. Anakaa kwenye chumba cha wanafunzi wanne, karibu tu na pale, na Jumapili huja kula ugali. Vijana wa siku hizi mnawajua: chumba kina joto kama Kigoma mchana, lakini mtandao ukikatika dakika tano anapiga simu kama aliyefiwa. Nikimwambia enzi zetu mtandao ulikuwa ule waya wa simu ya stesheni, anacheka, ananielewa neno kwa neno, na kunijibu kwa Kiingereza. Jumapili ile alinikuta nje nafagia majani makavu kuzunguka gari. Akasimama. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hakuna mtu duniani anayefagia maegesho.

"Sisi tunafagia," nikamjibu. "Shika hilo sufuria."

Nilidhani ni maneno ya mtoto wa mjini asiyeujua ufagio. Sikumsikiliza. Nami sikudhani kwamba navunja sheria yangu mwenyewe, maana kufagia kwangu si jambo ninaloamua. Naamka, napiga mswaki, nafagia, kama nilivyofanya tangu Usinge.

Kisha theluji ikaanguka, ya kwanza kubwa mwaka ule, laini na kavu kama unga wa muhogo. Asubuhi nikafungua mlango, nikashuka na ufagio wangu wa plastiki. Nikafagia mbele ya ngazi, nikazunguka nyuma, nikainama nikafagia na kati ya magurudumu. Lami ikabaki nyeusi, safi, na pembeni alama za ufagio zimepangana vizuri, nusu duara baada ya nusu duara. Nilisimama kidogo kuitazama. Nakiri nilijisikia vizuri. Nikaenda kazini.

Niliporudi alasiri nilimkuta Papa Byamungu kwenye kona ya jengo, mikono mifukoni. Hakucheka.

"Mama Rehema, patron, ule meneja, alitazama huku chini, yeye iko kwa dirisha ya ofisi juu. Pote theluji iko, hapa kwako peke yake hakuna. Aliniita. Akaniuliza, 'Gari imekufa moteri, nani anaifagilia asubuhi?'"

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Nilitazama na mimi. Umefagia mpaka inang'aa kama mbele ya nyumba ya bibi harusi." Akatazama viatu vyake. "Amenipa siku tatu gari itoke. Na mimi ameniandika barua ya onyo. Nikirudia, kazi imeisha."

Mahali pangu nilikuwa nimepapoteza, hilo nililielewa mara moja, na baridi kali ilikuwa bado haijaanza. Lakini lililoniumiza zaidi ni yule mtu aliyenifichia siri miezi yote bila kuombwa, nami nimeuweka mkate wake hatarini kwa ufagio. Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Acha tu, mama. Hata mama yangu kule Uvira alikuwa vile. Tulikimbia vita, tukafika kambini, kitu ya kwanza akaomba ufagio. Wenzake wanaomba blanketi, yeye ufagio."

Tukacheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika mbali.

Siku ya kuondoka nilifunga masufuria kwa kamba na kuviringisha vikombe ndani ya khanga. Nikaifufua ile moteri iliyokufa, nikasogea mbele kidogo, nikasimama kufunga mlango. Nyuma yangu pale gari lilipokuwa limekaa pamebaki umbo la mstatili, kavu, jeusi katikati ya weupe. Nikakumbuka siku yetu ya mwisho behewani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amepata barua kwamba kazi imefika mwisho, na behewa linatakiwa kurudi karakana. Kichwa cha treni kilikuja asubuhi kikalivuta. Tukabaki tumesimama na mizigo kando ya reli, tukitazama mahali palipokuwa nyumbani: majani yamekufa kwa kukosa jua, yamebaki ya njano, na vipande viwili vya kokoto zetu za mdako. Mama akachukua ufagio, akapafagia. Alipita polepole, kati ya reli na reli, kama asiye na safari. Baba alikuwa amekaa juu ya sanduku, na sijawahi kumwona mdogo kama siku ile.

"Sasa unamfagilia nani?" akamuuliza.

"Wasije wakasema hapa walikaa ng'ombe," Mama akasema. Alipomaliza, tulikaa pale pale pasafi tukisubiri treni ya abiria.

Kwa hiyo na mimi nilishuka. Ule mstatili mweusi ulikuwa na vijiti viwili vitatu na ganda la karanga. Nikaufagia. Papa Byamungu alikuja na kusimama kando, na najua hakuwa amesikia habari za baba yangu, ila aliuliza, "Sasa unafagilia nani, mama?"

Nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili, akasema, "Uende salama. Na kule unakoenda, ule ufagio uufiche."

Nilikwenda upande wa Don Mills, kwenye mtaa wa maofisi ambako mchana kuna magari mengi na hakuna anayehesabu lipi limelala hapo. Watu wanakuja na magari yao, wanaingia kwenye majengo ya vioo, wanatoka, wanaondoka. Sijui jina la mtu hata mmoja. Kanisa limekuwa mbali, na ugali wa Jumapili Rehema ananifuata kwa mabasi mawili. Akifika ananisaidia kukunja ngazi bila kuambiwa, na siku hizi hasemi kitu.

Wiki ya pili theluji ikaanguka tena. Niliamka nikajua kabla ya kufungua pazia, maana theluji ikianguka dunia inanyamaza. Nikapiga mswaki. Nikafungua mlango, na ufagio ulikuwa tayari mkononi mwangu, sikumbuki kuuchukua. Mbele yangu palikuwa peupe, hapajakanyagwa, hata ndege hajapita.

Wenzangu wa enzi zile, tulifundishwa kufagia ili watu wajue kwamba tupo. Palipofagiliwa pana mtu, na penye mtu mtu hupiga hodi. Nilisimama mlangoni mpaka vidole vikaanza kuuma. Kisha nikaurudisha ufagio nyuma ya kiti, nikafunga mlango, nikatokea upande wa dereva kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake na kwenda zake. Niliporudi jioni theluji mbele ya ngazi ilikuwa imelala vile vile ilivyoanguka, na hakuna aliyejua kwamba hapa pana mtu.